Tumepeleka malalamiko ya maji ya rangi, nikavishwa khanga

Mchicha wa Bondeni:

Sina salamu leo wakuu. Nikianza kusalimia nitamalizia na matusi.

Hawa watu wa kiwanda cha nguo mnawajua wote. Sitaji kiwanda, sitaji mto, sitaji mtaa. Ukiwa kwenye daladala, vioo vimefungwa, na bado pua ikapata mayai viza, basi umefika kwao, shuka.

Jana kulikuwa na mkutano wa mtaa. Sisi wa bondeni tulijaa. Mimi nilikuja na chupa tatu za maji ya mto: ya Jumatatu ya waridi, ya Jumatano kijani, ya Ijumaa nyeusi tii. Huku kwetu kalenda hatununui, tunachungulia mtoni tu. Bata wa jirani ameingia majini mweupe, ametoka zambarau, mkewe kamkataa. Vyura wanatembea na sare.

Akasimama yule afisa wao. Mnamjua. Tai, viatu vya kujitazama, na mkononi chupa ya maji ya dukani, maana akili anazo, ya kwetu hanywi. Nikampangia chupa zangu mezani, nikamuuliza swali moja la kistaarabu kabisa: hii ni nini?

Hakujibu. Akafungua mfuko, akatoa khanga, AKANIVISHA. Mimi! Mwanaume mzima, nina ndevu na wajukuu! Akanitandaza mabegani, akanigeuza niwatazame watu, na wakina mama wakapiga vigelegele. Vigelegele jamani! Mwenyekiti anapiga makofi, kamera inawaka, mimi nimesimama pale na chupa tatu za sumu nimevishwa kama mwali.

Halafu ndipo nikainamisha kichwa nikasoma maandishi: MAJI USIYOYAFIKA HUJUI WINGI WAKE.

Maji! Katika khanga zote duniani! Zipo za mapenzi, zipo za mashoga na majirani, zipo za hongera ya uzazi. Yeye kazipita zote kaja na ya MAJI, kwa mtu aliyeleta malalamiko ya MAJI.

Eti wana kibali. Najua kuna Sheria ya Mazingira ya 2004, najua bodi ya maji ya bonde ndiyo inayotoa kibali cha kutiririsha majitaka, na kibali kina masharti na viwango vyake. Sasa kiwango gani hicho kinachogeuza bata zambarau? Lakini hayo tutayaongea siku nyingine, mimi bado niko kwenye khanga. Alinigeuza wakuu. Alinishika mabega AKANIGEUZA.

Na bado. Usiku mama watoto kaitia kwenye beseni aifue. Imechuja. Maji ya beseni yamekuwa waridi ile ile ya Jumatatu. Yaani wamenimwagia mtoni, wakaona haitoshi, wakanifungashia nyingine ya kwenda nayo nyumbani.

Nimemaliza. Hapana, sijamaliza. Aliponivisha alisema "umependeza, babu."

Kigoda cha Mbele:

Nimeshakaa. Anayepita aniletee karanga.

Jini la Kariakoo:

Bila picha hii ni chai. Weka picha umevaa khanga.

Mchicha wa Bondeni:

Picha wanazo wao! Wameshairusha kwenye kurasa zao, eti "tukirudisha kwa jamii". Kurudisha gani, walichukua nini kwetu zaidi ya mto?

Jini la Kariakoo:

Nimeiona 😂😂😂 Babu umependeza kweli.

Mzee wa Hoja:

Mleta mada, huu uandishi ni wa jazba. Umepima maji? Umepeleka sampuli maabara? Barua kwa NEMC, wale wa baraza la mazingira, iko wapi? Halafu sema ni mto gani. Kama ni Msimbazi wa Dar, unatokea huko milima ya Pugu na kumaliza Daraja la Salenda, humo katikati kuna viwanda, magereji, vyoo na takataka za mji mzima. Unajuaje ni wao?

Mchicha wa Bondeni:

Sijasema Msimbazi, usinilishe maneno. Mnaoujua mnaujua. Na tangu lini choo kikatoa maji ya kijani Jumatano tu?

Mpishi wa Rangi:

Mkuu pole. Nimefanya kazi idara ya kutia rangi miaka mingi (si hapo, kwingine), nikupe siri ya hiyo khanga yako.

Pamba hutiwa zile rangi zinazojifunga na uzi wenyewe. Shida ni kwamba hazijifungi zote. Sehemu yake inabaki majini tu, na ili uilazimishe kushika unatia chumvi, gramu 60 mpaka 80 kwa kila lita, na magadi juu yake. Baada ya hapo nguo inatakiwa isuuzwe na kusuuzwa, tena kwa maji ya moto na sabuni, mpaka rangi iliyolegea iishe. Kiwanda kinachobana maji na kuni kinasuuza mara mbili kinafunga robota. Kwa hiyo ile ya beseni ni rangi ambayo wao walitakiwa kuisuuza, wamekuachia wewe uwasaidie kazi.

Na waridi isikutie hofu sana. Rangi ndiyo inayoonekana, inaziba mwanga majani ya mtoni yasijitengenezee chakula, sawa. Lakini mimi naogopa vile visivyoonekana. Hiyo chumvi ukimwagilia mchicha kila siku, udongo unakufa. Kostiki, yale magadi makali ya viwandani, inachoma. Rangi nyingine zina shaba au kromiamu ndani yake. Zile sabuni za zamani za viwandani zinavunjika mtoni na kuwa kitu kinachovuruga homoni za samaki. Ulaya tangu Februari 2021 nguo ikikutwa na mabaki yake kupita kiasi haiingii sokoni. Na ile harufu ya mayai viza ni ya rangi nyeusi ya salfa, ndiyo Ijumaa yako hiyo.

Kuzuia kunawezekana, na si uchawi. Kuna rangi zinazoshika vizuri zaidi kwa chumvi kidogo. Kuna mashine zinazotumia lita tano au sita za maji ya rangi kwa kilo ya kitambaa badala ya ishirini na zaidi. Mwisho wa bomba unajenga bwawa la kuchanganyia, unatia chokaa na shabu, uchafu unazama chini. Ila hapo napo uliza lile tope linapelekwa wapi, maana nimeona likipakiwa usiku.

Kigoda cha Mbele:

Karanga zimeisha, leteni chakula kabisa. Huyu jamaa anajua.

Mchicha wa Bondeni:

Asante mkuu. Lakini aliposema "umependeza babu", hiyo nayo ina kemikali gani?

Mpishi wa Rangi:

Hiyo haina dawa mkuu.

Halafu angalia siku za mvua. Kuna viwanda vina mtambo mzuri kabisa wa kusafishia, wageni wanapigishwa picha hapo, ila dawa na umeme ni pesa, kwa hiyo unawashwa mkaguzi akija. Mvua ikipiga tu, lango linafunguliwa, mto unabeba kila kitu na hakuna anayejua.

Mzee wa Hoja:

Mnataka kiwanda kifungwe vijana wakose ajira? Wengine tunakumbuka viwanda vya nguo, Mwatex Mwanza, Mutex Musoma. Tulivaa vya kwetu. Leo mnalia mto, kesho mtalia njaa.

Mpishi wa Rangi:

Nani kasema kifungwe? Tirupur kule India walipuuza mto Noyyal mpaka Januari 2011 Mahakama Kuu ya Madras ikaamuru mamia ya viwanda vya rangi vifunge milango. Ajira zikapotea kwa mkupuo. Waliorudi walirudi kwa sharti la kutomwaga hata tone: maji yanachujwa yanatumika tena, na chumvi ile ile inavunwa inarudi kwenye rangi. Gharama kubwa, lakini wanauza fulana dunia nzima mpaka leo. Anayeua ajira ni yule anayesubiri mahakama.

Dada Batiki:

Mimi nishone mdomo au niseme? Haya nasema. Babu unalia na bomba la kiwanda, sisi wa batiki tunapika kostiki na haidro (ile dawa ya kuyeyushia rangi) uani, glavu jozi moja tunapokezana watu wanne, macho yanawasha, kifua kinabana, na tukimaliza beseni linaenda mtaroni. Semina tulifundishwa kuchanganya rangi, mafundo, nta, na bei ya kuuzia. Pa kumwagia hatukufundishwa. Sasa mnataka tuinywe?

Jini la Kariakoo:

Kumbe bata ni wako wewe dada 😂

Dada Batiki:

Beseni langu na bomba analopita mtu mzima wima, unalinganisha wewe?

Mtumba Halisi:

Ndiyo maana mimi navaa mitumba. Rangi yote ilishachujia Ujerumani, huku inafika imechoka, salama kabisa.

Mzee wa Hoja:

Haya ndiyo mawazo yaliyoua viwanda! 2016 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikubaliana mitumba iondoke ifikapo 2019, wakaogopa. Rwanda peke yake ilikaza ushuru, na 2018 Marekani ikawasimamishia nafuu ya AGOA, ile ya kuingiza bidhaa kwao bila ushuru, kwenye nguo. Hao ndio wanaume.

Mtumba Halisi:

Mzee, hilo koti la kwenye picha yako hapo pembeni umelitoa mitumbani Karume au Ilala Boma? Sema ukweli.

Mzee wa Hoja:

Nililetewa na mwanangu.

Kigoda cha Mbele:

Mwanao yuko Karume?

Mchicha wa Bondeni:

WAKUU! Mnanipoteza. Tulikuwa kwenye khanga. Mtu amenivisha khanga ya MAJI mbele ya mkutano. Ulaya kule wana sheria tangu 2002 inayozuia rangi za azo zinazotoa kemikali za saratani, miligramu 30 tu kwa kilo ya nguo, mwisho. Nguo ya mzungu inapimwa kwa miligramu, mimi napimiwa kwa vigelegele!

Jini la Kariakoo:

Babu ushauri wangu, usiitupe. Ipeleke kwa fundi akukatie shati, siku ya mkutano mwingine nenda nalo, kaa siti ya mbele mpaka yeye aone haya.

Dada Batiki:

Asiipeleke kwa fundi! Mafundi wa sasa wezi. Nimempa wangu kitenge doti mbili, nguo imerudi inanibana, halafu mtoto wake nikamkuta kavaa gauni la maua yale yale. Namuuliza, ananiambia "yanafanana tu dada."

Mtumba Halisi:

Yanafanana 😂 Wangu nilimpa suruali apunguze urefu tu, kaniletea kaptura. Na pesa yote akachukua.

Kigoda cha Mbele:

Fundi ukimpigia anasema "namalizia vifungo". Ukienda kitambaa hakijakatwa hata.

Mpishi wa Rangi:

Mimi sare ya harusi ya shemeji nilivaa ikiwa na pini. Nimecheza muziki wote nachomwa.

Mzee wa Hoja:

Hapa kwa mara ya kwanza nakubaliana nanyi. Fundi ni adui wa maendeleo.

Dada Batiki:

Wangu yuko karibu na stendi, cherehani yake kafunga mpira wa baiskeli kwenye gurudumu, redio haizimi.

Mtumba Halisi:

Ana kofia ya Yanga?

Dada Batiki:

Imepauka, ndiyo.

Mtumba Halisi:

Ndiye huyo huyo! Ana kaptura yangu. Yaani suruali yangu. Kesho saa ngapi unaenda, tuongozane?