Baba yake bibi alikuwa Mskoti, DNA imetoka, kwenye rekodi za huko naanzia wapi?

MjukuuWaChunya

Wakuu habari zenu. Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa kutafuta ukoo, hasa mlioko Uingereza. Bibi yangu mzaa mama kazaliwa Chunya mwaka 1936, kipindi kile wazungu wamejaa Lupa wanatafuta dhahabu, na baba yake alikuwa Mskoti mchimbaji. Vita ilipoanza 1939 yule mzee akaondoka na hakurudi, bibi na kaka yake wakalelewa na wajomba zao. Kilichobaki ni picha moja tu, mzee kasimama kofia mkononi, nyuma yake kuna mhuri wa studio umefifia sana ila ukiinamisha karatasi kwenye mwanga unasomeka Arbroath, mji wa huko Uskoti. Jina tunalo kamili, la ukoo linaanza na Mac, lakini ni jina la kawaida mno kule, ni kama umtafute Juma Dar es Salaam. Bibi anasema alisikia kwamba alizaliwa kama 1905 hivi.

Mwaka jana binti wa mama mkubwa anayekaa Leeds alikuja likizo na vifaa vya DNA tukatema mate mimi na bibi. Bibi kapata asilimia 41 Uskoti na 6 Ireland, mimi Uskoti nimepata 9 tu. Sasa kwenye ile orodha ya ndugu wanaolingana naye kuna mama mmoja yuko Ontario, Kanada, umri wa miaka 60 hivi, analingana na bibi kwa cM 428 (sentimogani, kipimo cha DNA ambayo watu wawili wanachangia). Tumeshangaa hatujui ni nani. Huyu ni ndugu wa namna gani? Na hiyo Ireland imetoka wapi? Na mimi mbona 9, vitabuni wanasema kitukuu anatakiwa awe na 12 na nusu? Bibi umri umeenda, natamani ajue kwao kabla hatujachelewa.

MtoKiwira

Mkuu kwanza hongera kwa kumpima bibi, wengi wanajipima wao vijana wanawaacha wazee na ndipo DNA ya thamani ilipo. Bibi anabeba nusu nzima ya baba yake, wewe umepata mabaki. Hiyo 12.5 ni wastani tu, mtoto anachukua nusu ya kila mzazi lakini hachagui nusu ipi, ndo maana ndugu wawili wa tumbo moja mmoja anaweza kuwa na 9 mwingine 15. Ireland isikusumbue, kuanzia miaka ya 1600 Waskoti wengi walihamishiwa Ulster, kaskazini mwa Ireland, na kabla ya hapo watu walikuwa wanavuka ile bahari kila siku, kompyuta inashindwa kuwatenganisha, na hizo asilimia kampuni ikisasisha mwakani zitabadilika tena. Asilimia ziache.

Mali yako ni huyo mama wa Ontario. cM 428 ni nyingi. Kuna njia kama tatu: anaweza kuwa mtoto wa binamu wa bibi, maana yake bibi yake au babu yake ni ndugu wa tumbo moja na yule Mskoti. Ya pili, binamu wa bibi lakini wa nusu, yaani wazazi wao wamechangia mzazi mmoja. Ya tatu ndo ya kuangalia kwa makini, mzee angeweza kuwa na mke na watoto kwao, na huyu mama akawa kitukuu wake. Lakini piga hesabu, mzee kazaliwa 1905, mama wa Ontario ana 60 kwa hiyo kazaliwa kama 1965, hapo katikati vizazi vitatu ndani ya miaka 60, kila mmoja awe amezaa na miaka 20. Inawezekana ila mimi ningeweka uzito kwenye ile ya kwanza. Kwa vyovyote ukimwandikia usianze na "babu yenu alitutelekeza". Mwambie bibi yako kazaliwa Tanganyika 1936, baba yake anahusishwa na Arbroath, una picha, ungependa kujua kama ukoo wao una mtu aliyekuja Afrika. Andika fupi na uweke picha, watu wanajibu picha.

Halafu kaka yake bibi kama aliacha mtoto wa kiume, huyo mjomba wako mpimeni kromosomu Y, ile inayotoka baba kwenda mwana bila kukatika. Wewe hauna ya mzee, bibi pia hana, mjomba anayo.

KaratasiZaKale

Nipo Edinburgh huku, nimefanya hii kazi kwa rafiki zangu wa Malawi na Kenya. Ndugu yangu una bahati kwamba ni Mskoti na siyo Mwingereza, nasema hivi kwa moyo wote, rekodi za Uskoti ni tajiri kuliko za jirani zao. Fungua akaunti ScotlandsPeople, ni ya serikali, ya National Records of Scotland. Kutafuta jina ni bure, kuona picha ya rekodi yenyewe unalipa krediti 6 ambazo ni pauni 1.50, kwa pesa yetu elfu tano na kidogo, kwa hiyo usinunue ovyo.

Usajili wa serikali ulianza tarehe 1 Januari 1855. Kwenye mtandao wanakuonyesha picha za waliozaliwa zaidi ya miaka 100 iliyopita, ndoa 75, vifo 50, kwa hiyo mtoto wa 1905 yuko wazi kabisa. Na utamu wenyewe uko hapa: cheti cha kuzaliwa cha kule kinaandika jina la baba, kazi yake, jina la mama pamoja na jina lake la usichana, NA tarehe na mahali walipooana. Ukipata tarehe ya ndoa unakwenda kwenye cheti cha ndoa, pale unakuta majina ya wazazi wa pande zote mbili, tayari umepanda ngazi nyingine, unaendelea hivyo hivyo mpaka 1855. Kule England cheti cha kifo hakikutajii wazazi, cha Uskoti kinawataja wote wawili.

Kuna mambo yanakwamisha watu. Mac, Mc na M' waliandika wanavyojisikia, mtu mmoja unamkuta kwa namna tatu, kwa hiyo tumia alama ya nyota kwenye kutafuta. Arbroath leo iko Angus lakini mpaka 1928 mkoa uliitwa rasmi Forfar, usishangae kuona Forfar kila mahali. Na mhuri wa studio unasema alipigwa picha pale, haisemi alizaliwa pale. Sensa zitakusaidia, za 1911 na 1921 zote zipo humo, mtoto wa 1905 utamkuta na wazazi, ndugu zake na mahali alipozaliwa. Kabla ya 1855 unategemea vitabu vya parokia na hapo pananyauka, kuandikisha haikuwa lazima, 1783 wakaweka hadi kodi ya peni tatu kwa kila mtoto anayeandikwa watu wakaacha, halafu 1843 kanisa likagawanyika na waliotoka hawamo. Ila hilo la baadaye.

Kabla ya yote fanya hii leo, ni bure: tafuta jina lake kwa Commonwealth War Graves Commission, tume inayotunza makaburi na majina ya wanajeshi wa Uingereza na Jumuiya ya Madola waliofia vitani. Kaondoka 1939, kama alifia vitani yumo, na mara nyingi wanaandika mtoto wa nani na wa wapi.

Shangazi_Nyeri

Habari watu wa Bongo, mimi ni Mkenya niko Dundee, Arbroath ni karibu hapa. Niongeze kitu kimoja, hawa Waskoti wa zamani walikuwa wanaita watoto karibu vile sisi Wakikuyu tunaita. Kijana wa kwanza anaitwa babu ya upande wa baba, wa pili babu ya upande wa mama. Kwa wasichana ndio tofauti, wa kwanza wao wanampea jina ya nyanya ya upande wa mama, sisi wa baba. Si wote walifuata lakini wengi sana. Sasa huyo bibi na ndugu yake, majina yao ya kizungu nani aliwapea? Kama ni yule mzee, angalia majina hayo kwa familia utakazopata.

Kijana_wa_Makambako

Mimi naogopa kumpima mtu mzima halafu DNA yake ikae kwa wazungu. Kampuni ya kupima DNA ya 23andMe si waliomba kulindwa na mahakama kwa kufilisika Machi 2025 na watu wakashauriwa wafute taarifa zao?

MtoKiwira

@Kijana wasiwasi wako ni wa haki kabisa. Bibi aulizwe, aelezwe kwa lugha anayoielewa, na awe na ruhusa ya kusema futeni. Taarifa unaweza kuzifuta mwenyewe kwenye akaunti.

Kijana_wa_Makambako

Sawa hapo nimekuelewa. Mkuu mwenye uzi, kwa hiyo ninyi ni koo gani sasa, mna lile vazi lenu la mistari?

KaratasiZaKale

Jina la ukoo halithibitishi damu jamani. Wapangaji walichukua jina la bwana wao, na watu wa ukoo wa MacGregor walipigwa marufuku kutumia jina lao 1603, ikaondolewa, ikarudishwa, ikafutwa kabisa 1774, katikati hapo wakajiita majina ya watu wengine. Maduka yatakuuzia cheti cha ukoo, hela hiyo nunulia krediti.

MjukuuWaChunya

Asanteni sana wakuu, sikutegemea. War Graves hayumo. Nimetafuta ScotlandsPeople Forfar nzima kati ya 1903 na 1907 wametoka wavulana WAWILI wenye jina lile lile, mmoja Arbroath mwingine Montrose. @Shangazi_Nyeri bibi anasema jina lake alipewa na baba, na ni la kizamani kweli, huku kwetu hakuna mwingine. Mjomba amekubali kupima. Mama wa Ontario amefungua meseji ila bado hajajibu. Hawa wawili nawatenganishaje?

KaratasiZaKale

Safi. Nunua vyeti vyote viwili, ni pauni 3, uone mama zao walikuwa akina nani kwa jina la usichana. Kisha angalia vifo: tafuta jina hilo Uskoti, linganisha umri, ukikuta mmoja alikufa mtoto au alioa na kuzeeka hapo hapo Montrose huyo mtoe. Tafuta pia orodha za abiria waliotoka bandari za Uingereza, zipo za 1890 hadi 1960, za Hifadhi ya Taifa ya nyaraka iliyoko Kew, London, ila tovuti ya ukoo ya Findmypast wamezipandisha, utaona umri, kazi na anwani ya mwisho. Usiangalie Dar tu, wengi wa Lupa walipitia Beira au Afrika Kusini.

Na mama wa Ontario akijibu usimuulize maswali kumi. Muulize moja tu, bibi na babu zake waliotoka Uskoti, mama zao walikuwa akina nani kabla hawajaolewa. Jina hilo likifanana na la mama kwenye mojawapo ya vile vyeti viwili, familia umeipata. Ukishapata vyeti viweke hapa, ficha majina ya walio hai, nitakusaidia kusoma huo mwandiko.