Avalon ya 2008 kwa familia yenye watoto watatu: nikague nini kabla sijalipa?

BabaTatu

Wakuu, salaam. Naomba msaada wa wanaozijua sedani kubwa. Ninayoitazama ni Toyota Avalon ya 2008, V6 ya lita 3.5 (2GR-FE), otomatiki ya gia 6, kilomita 214,000. Muuzaji ana risiti za kubadilisha oili ya injini tangu kilomita 120,000, lakini hakuna karatasi hata moja inayoonyesha kwamba plagi, koolanti (maji ya kupozea injini) au oili ya giaboksi viliwahi kuguswa. Kwa pesa hiyohiyo napata SUV ndogo, changa zaidi kwa miaka saba, injini ya lita 1.5 yenye tabo.

Watoto ni watatu: wa kwanza ana miaka 9 na anakalia kiti cha kumuinua, wa pili yuko kwenye kiti cha kutazama mbele, mdogo bado anatazama nyuma. Je, viti vyote vitatu vinaingia kwenye siti ya nyuma? Injini hii huuawa na nini? Na giaboksi ambayo haijawahi kubadilishiwa oili, nibadilishe au nikiibadilisha ndio naiharibu? Mafuta najua itakunywa, nataka tu kujua kiasi gani.

---

Spana14

Mkuu, nianze na injini. 2GR-FE ni mashine ngumu. Ina cheni ya taimingi, si mkanda, na mafuta yake hunyunyizwa nje ya vali, kwa hiyo vali za kuingiza hewa zinaoshwa na petroli kila mara na hazijengi masizi kama za injini zinazonyunyiza moja kwa moja ndani ya silinda. Hiyo lita 1.5 ya tabo unayoifikiria huenda ni ya aina hiyo ya pili.

Kitu cha kwanza kabisa kukagua ni bomba la oili la VVT-i (mfumo wa kubadili muda wa kufunguka kwa vali). Matoleo ya mwanzo ya injini hii yalikuwa na bomba lenye kipande cha mpira katikati. Mpira ukizeeka unapasuka, na kwa kuwa oili mle inapita kwa presha, sampu (bakuli la oili chini ya injini) inamwagika kwa dakika moja au mbili. Dereva akiona taa nyekundu ya oili na kujiambia "nifike tu pale mbele", injini imekwisha. Toyota waliliondoa wakaweka la chuma tupu. Uliza limebadilishwa au la, kisha usiridhike na jibu, litazame mwenyewe.

Pili ni pampu ya maji. Koolanti ya waridi inapovuja kidogo kidogo hukauka na kuacha ukoko wa rangi hiyohiyo pembeni ya pampu na chini yake. Ukiuona, pampu inaondoka. Koolanti yenyewe, ile ya kiwandani, ni ya kilomita 160,000 mara ya kwanza, halafu kila 80,000. Kwa 214,000 bila karatasi, hesabu kwamba haijaguswa.

Tatu ni kava la mbele la taimingi. Unyevunyevu wa oili uliochanganyika na vumbi kwenye maungio si tatizo. Matone yanayodondoka ni habari nyingine, kwa sababu kuziba pale maana yake ni kushusha injini. Sehemu ni gundi ya gasketi tu, kazi ndiyo inayokula pesa. Kama inadondosha, shusha bei sana au achana nalo.

Halafu plagi. Ni za iridiamu, zinakaa kilomita 192,000, kwa hiyo zimepitiliza. Zinatakiwa sita, FK20HR11 za Denso, nafasi ya milimita 1.1. Tatu za mbele unazifikia ukiwa umesimama. Tatu za nyuma ziko upande wa ukuta wa kabini na lazima manifoldi ya juu ya hewa ivuliwe, na gasketi yake mpya iwekwe. Hapo ndipo ujanja unapofanyika: fundi anabadilisha tatu za mbele, anatoza sita. Dai plagi sita za zamani mkononi. Zikiwa tatu nyeupe zilizolika na tatu zinazong'aa, gari hilo limeshafanyiwa mchezo huo huko nyuma.

Kuwasha: njoo injini ikiwa baridi kabisa, weka kiganja kwenye boneti uhakikishe. Sikiliza sekunde mbili za kwanza. Mlio wa kukwaruza kama mnyororo ndani ya bati, unaokatika haraka, ni gia za VVT-i kwenye kamshafti. Haliui gari leo, lakini ni hoja ya kupunguza bei. Baada ya hapo iache ingurume dakika tano, kisha kanyaga kwa ghafla huku mtu akitazama ekzosti. Pafu moja la moshi wa bluu likatoweka ni sili za vali. Moshi unaoendelea kila ukikanyaga ni ringi za pistoni, na hapo rudisha funguo.

---

Dada_Mkanda

Kaka BabaTatu, viti vitatu vinaingia, ila si kwa mpangilio wowote. Usipime upana wa siti kwa macho. Pima kila kiti cha mtoto mahali kilipo kipana zaidi, jumlisha. Kwenye gari hili una kama sentimita 140 za kukalia, lakini milango inakula kidogo, kwa hiyo lenga jumla isiyozidi 135. Vikizidi kidogo usikate tamaa: kiti cha kutazama nyuma ni kipana juu mabegani, cha kumuinua mtoto ni kipana chini kwenye paja. Viwili vya aina hizo vikikaa jirani hupishana, na tepu ya kupimia haikuonyeshi hilo. Nenda navyo vyote vitatu siku ya kulitazama gari.

Mpangilio wangu ungekuwa hivi. Mdogo katikati akitazama nyuma, kwa sababu katikati kiti hakigongi mgongo wa siti ya dereva wala ya abiria. Sakafu ya nyuma ya Avalon iko karibu tambarare, hilo linasaidia. Ndoano za chini za ISOFIX (za kufungia kiti cha mtoto) ziko pembeni kushoto na kulia tu, hivyo cha katikati kinafungwa kwa mkanda wa gari. Wa pili pembeni kwenye ndoano, pamoja na ule mkanda wa juu unaofungwa kwenye ubao nyuma ya siti. Huo mkanda wa juu watu huuacha ukining'inia, na ndio unaozuia kichwa cha mtoto kurushwa mbele. Wa miaka 9 upande wa pili, pale ambapo mkono wake unakifikia kifungio cha mkanda bila kuzikwa na kiti cha jirani. Akishindwa kujifunga mwenyewe, utakuwa unapinda mgongo kila asubuhi.

Ukishafunga, shika kiti pale mkanda unapopita na ukisukume kushoto na kulia. Kikisogea zaidi ya sentimita 2.5, fungua uanze upya.

Mambo mawili yanayosahaulika: kwenye baadhi ya Avalon za miaka hiyo mgongo wa siti ya nyuma unalala, usimamishe wima kabla ya kufunga chochote. Na siti hizo hazikunjwi mbele kama za gari nyingine, kuna tundu dogo la katikati tu la kupitishia vitu virefu. Buti ni kubwa lakini mdomo wake si mkubwa. Kigari cha mtoto kijaribu humo kabla ya kulipa, kikiwa kimekunjwa, si kwa kukadiria.

---

GiaNyepesi

Kuhusu giaboksi: maneno kwamba oili yake ni "ya maisha" yapuuze. Maisha ya nani? Na hofu kwamba ukibadilisha kwenye gari la kilomita nyingi giaboksi inakufa nayo ina asili yake: mtu hupeleka gari ambalo tayari linateleza, likisafishwa kwa mashine ya presha uchafu wote unang'oka kwa pamoja na kuziba njia za vali. Kilichoua ni ubovu uliokuwepo pamoja na ile presha.

Kwanza jaribu. Injini ikiwa ya moto, guu kwenye breki, toa P weka R, kisha D. Gia ishike ndani ya sekunde moja hivi bila kugonga. Barabarani kanyaga nusu, tazama mshale wa mizunguko: ukipanda bila gari kuongeza mwendo, inateleza. Inayoteleza usiibadilishie oili, usiinunue.

Kama ni nzima, fanya kumwaga na kujaza, mara tatu, kila baada ya kilomita elfu moja au mbili. Oili ni Toyota WS, si nyingine. Haina kijiti cha kupimia, ndiyo maana wengi huikosea. Chini ya sampu ya giaboksi kuna boliti ya kukagulia, ndiyo pia ya kumwagia, ya heksa ya milimita 6. Ukiifungua kinatoka kidogo tu, kwa sababu ndani yake kuna kibomba kilichosimama. Kifungue nacho kwa spana hiyohiyo, ndipo kama lita 3 zitashuka. Mwagia kwenye chombo chenye alama za lita, kwa maana kilichotoka ndicho kitakachorudi. Na jambo moja la lazima: fungua boliti ya kujazia KABLA ya kufungua ya kumwagia. Ikigoma baada ya kuwa umeshamwaga, gari halitoki hapo.

Rudisha kibomba, jaza kiasi kilekile na ushei. Washa, pitisha gia zote taratibu, rudi P. Oili ikifika digrii 40 hadi 45, injini ikiwa inanguruma na gari limekaa sawa kwa tairi zote nne, fungua boliti ya kukagulia. Ikitiririka, iache mpaka iwe matone, funga. Isipotoka kitu, ongeza. Ukipima ikiwa ya moto sana, oili imetanuka, utamwaga isiyopaswa kumwagika na giaboksi itabaki na njaa. Joto lisome kwa kisomeo cha OBD (kifaa cha kuchomeka kwenye kompyuta ya gari), si kwa kugusa.

---

BabaTatu

Asanteni sana. Spana14, hilo bomba la VVT-i nalionaje bila kufungua kitu? Na nikiwa na hicho kisomeo cha OBD, kuna kingine cha kuangalia zaidi ya taa ya injini?

---

Spana14

Vua kava la plastiki la juu, linang'oka kwa mikono. Simama upande wa mikanda, mulika tochi nyuma ya injini kuelekea ukuta wa kabini, na kioo kidogo cha mkononi kitakusaidia. Utaona kibomba chembamba cha chuma kikipanda. Ukifuata kwa macho ukakuta katikati kuna kipande cheusi cha mpira kilichobanwa kwa chuma pande zote mbili, ni lile la zamani. Likiwa chuma mwanzo hadi mwisho, limeshabadilishwa. Likihitaji kubadilishwa, na washa (pete za kuzibia) zake ziwe mpya.

Kwenye OBD, kubwa ni hili: tazama kama majaribio ya ndani ya kompyuta yamekamilika, ya masega ya ekzosti (kisafishio cha moshi), vihisi vya oksijeni na mvuke wa petroli. Yakiwa mengi hayajakamilika, ama betri ilichomolewa juzi ama mtu amefuta makosa kabla hujafika. Taa ikiwa imezimika haikuambii chochote hapo. Mwombe muuzaji aliendeshe siku mbili tatu, urudi.

Na kwa kuwa utakuwa unamwaga oili ya injini mwenyewe: inaingia lita 6.1 pamoja na filta, 5W-30. Filta ni ya karatasi ndani ya kikombe, tumia kifungulio cha milimita 64 chenye pembe 14. Hakikisha o-ringi ya zamani imetoka. Ikibaki mbili, itavuja mbio mbio. Kikombe kikazwe kwa Nm 25 (kipimo cha nguvu ya kukaza), boliti ya sampu Nm 40. Kukaza kwa hasira ndiko kunakopasua hicho kikombe.

---

MizigoMitano

Mmesahau miguu, yaani springi na viungo vya tairi. Gari la kubeba watu watano na buti limejaa huchoka nyuma kwanza. Pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa bodi, kushoto na kulia. Tofauti ya zaidi ya sentimita 1.5 ni springi iliyolala au ajali. Piga jeki mbele, shika tairi juu na chini ulitikise: likicheza ni boljointi au beringi. Shika kushoto na kulia: likicheza ni tairodi. Tarehe ya tairi ni tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni mwa tairi. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Mafuta: vipimo rasmi vya Marekani kwa gari hili vinatoa kama lita 12.4 kwa kilomita 100 mjini na 8.4 barabara kuu. Safari fupi za shule injini ikiwa baridi zitakula zaidi. Tangi ni lita 70.

Napingana kidogo na wenzangu kwa jambo moja. Kama safari zako nyingi ni za kilomita tatu nne mjini, V6 ni ya kazi gani? SUV ndogo itakula kidogo. Ila ukishaweka viti vitatu ndani ya hiyo SUV, rudi hapa utuambie mlango ulifungwaje.

Na mtu akikuletea Ford Crown Victoria kama mbadala, ni imara, ina chesisi kama ya lori na V8 ya lita 4.6, lakini zile zilizotumika na polisi usizihukumu kwa kilomita. Nyingi hukaa zikinguruma saa nzima zimesimama. Tafuta saa za injini kwenye dashibodi, zidisha kila saa ya kunguruma kwa kilomita 53 hivi. Za mwishoni mwa miaka ya 90 zilikuwa na manifoldi ya plastiki inayopasuka pale maji yanapopita mbele, kwa hiyo ukiona koolanti imekauka juu ya injini, ndiyo hiyo.

Vuta pia mkanda wa siti mpaka mwisho. Ukitoka na mstari wa matope, gari liliwahi kuzama.