Naomba ushauri: Carina Ti, nimeweka injini ya 7A, sasa gia inateleza

Habari zenu wakuu. Nina Toyota Carina Ti ya otomatiki niliyoinunua mkononi hapa Dodoma. Injini yake ya 5A (cc 1,498) ilikuwa inakula oili na kutoa moshi wa bluu, nikashauriwa niweke 7A-FE ya mtumba, cc 1,762. Fundi akabakiza giaboksi ileile na kontroli boksi (kompyuta ya injini) ileile ya 5A.

Mjini, Area C hadi Majengo, inakwenda freshi tu. Shida ilianza wiki iliyopita nikielekea Iringa. Kupanda mlima wa Nyang'oro, kutoka gia ya pili kwenda ya tatu inachelewa, injini inalia, mshale wa RPM unapanda, gari haliongezi mwendo. Nilipochomoa stiki ya giaboksi, oili ilikuwa imebadilika kutoka nyekundu hadi kahawia, na inanuka kuungua kidogo.

Fundi wa kwanza anasema giaboksi imekufa, ninunue nyingine (yeye ndiye anayeuza, kwa hiyo namsikiliza kwa sikio moja). Wa pili anasema kontroli boksi. Wa tatu, mzee mmoja hivi, anasema kebo inayotoka kwenye throto (mlango wa hewa ya injini unaofunguka ukikanyaga mafuta) kwenda giaboksi haikusetiwa baada ya kubadili injini. Huyu kanigusa, maana hakuna aliyeigusa kweli.

Nianze na kebo na oili mpya kwanza, au oili hiyo mpya ndiyo itaimaliza giaboksi kabisa? Na kubadili namba ya injini kwenye kadi ya gari, TRA mliwapelekea nyaraka zipi?