Dar hadi Kalambo kwa IST, siku 10 za Julai: nini kibaki, nini kitoke?

Mpangaji_wa_Saba ameuliza:

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisaidie kupangua ratiba. Tuko wanne, wakubwa wawili na watoto wa miaka 9 na 13. Gari ni Toyota IST. Tunaondoka Dar wiki ya kwanza ya Julai, siku 10 kwenda na kurudi. Orodha niliyonayo: Kilwa Kisiwani, maporomoko ya Sanje kule Udzungwa, Kalenga na Isimila, maua ya Kitulo, ziwa Ngozi na Daraja la Mungu, Kimondo cha Mbozi, Matema, halafu maporomoko ya Kalambo.

Inawezekana? Kama haiwezekani, nitoe kipi? Na IST itafika wapi na kukwama wapi?

---

Njia_ya_Tunduma amejibu:

Mkuu, haiwezekani, na tatizo si gari. Piga hesabu: Dar hadi Iringa ni kama kilomita 500, Dar hadi Mbeya kama 830, Mbeya hadi Sumbawanga kupitia Tunduma 330 nyingine. Ukigawa kwa siku 10 unaona ni kazi ndogo. Lakini kwenye barabara hii gari dogo likijitahidi sana linatoa wastani wa kilomita 55 hadi 60 kwa saa. Malori ya Zambia na Kongo yako mbele yako muda wote, kila kijiji ni 50, matuta hayahesabiki, na tochi ya trafiki imejificha pale pale kibao cha 50 kinapoanza. Kosa moja ni 30,000, na vijiji ni vingi.

Kwa hiyo toa hivi.

Kilwa itoke kwanza. Iko kusini, upande mwingine kabisa. Ukienda lazima urudi Dar ndipo uanze upya kuelekea Iringa. Njia ya kuunganisha ipo, Lindi, Masasi, Tunduru, Songea, Njombe hadi Makambako, na yote ni lami. Ila hiyo ni safari nyingine inayojitegemea, na ndani yake unaweka Makumbusho ya Maji Maji pale Songea. Haiingii kwenye siku 10 zenye Kalambo.

Kitulo itoke pia. Watu wanaona picha za maua wanapanga kwenda likizo ya Juni na Julai, wanakuta nyasi kavu na baridi ya kukata masikio. Maua ya Kitulo yanafuata mvua, yaani Desemba hadi Aprili. Uwanda uko kwenye mita 2,600 hivi, na Julai alfajiri unaweza kukuta sakitu, yaani umande ulioganda. Kibaya zaidi, wakati maua yapo, barabara ya kupanda kutoka Chimala, ile ya kona 57, inakuwa tope la kuteleza. IST hapo usijaribu. Anayetaka maua atafute gari la juu lenye kuvuta magurudumu manne, au azungukie Isyonje kwenye barabara ya Tukuyu.

Udzungwa ningeibakiza, Kalambo ningeitoa. Sanje iko kilomita 65 hivi tu kutoka Mikumi mjini, na watoto wataipenda.

---

Mwana_Ufipa amejibu:

Hapo kwa Kalambo nampinga ndugu yangu hapo juu. Amepindua.

Udzungwa ni jirani wa Dar. Wikiendi yoyote yenye sikukuu unakwenda, hata bila gari, maana treni ya TAZARA ina stesheni pale Mang'ula. Sanje itakusubiri. Rukwa, iliko Kalambo, huendi wikiendi. Ukishafika Mbeya na watoto wako kwenye gari, umebakiza siku moja tu ya lami. Ukiiacha sasa hutarudi, tuseme ukweli.

Na Kalambo si maporomoko ya kulinganisha na mengine. Maji yanaanguka zaidi ya mita 200 mara moja, bila kugonga ngazi ya mwamba katikati, na mto wenyewe ndio mpaka wetu na Zambia. Julai maji bado yapo ya kutosha. Anayekuja Oktoba anakuta uzi. Kipindi hiki cha kiangazi ndege aina ya korongo shundi wanataga kwenye kuta za bonde, kwa hiyo beba darubini ndogo kama unayo. Juu ya maporomoko, upande wa Zambia, ndiko wataalamu walikochimba magogo mawili yaliyochongwa yakashikana, wakatangaza mwaka 2023 kwamba yana miaka takriban 476,000. Hutayaona pale, lakini mtoto wa miaka 13 ukimwambia hivyo akiwa amesimama ukingoni ataelewa kwa nini mmekwenda mbali.

Njia: lala Sumbawanga, jaza tangi hapo hapo, usitegemee mafuta mbele. Sumbawanga hadi Matai ni lami, kama kilomita 50. Kutoka hapo kwenda kwenye maporomoko ndiko vumbi linakoanza. Kiangazi IST inafika ukienda taratibu, ukiangalia mawe yaliyochomoza katikati ya njia, kwa sababu sampo ya IST, bakuli la oili chini ya injini, iko chini na ndiyo inayogongwa kwanza. Mvua ikinyesha usiku uliotangulia, acha gari Matai, kodi la wenyeji. Eneo liko chini ya TFS, wakala wa misitu wa serikali, unalipa kwao na kupewa mtu wa kukuongoza. Ngazi za kushukia zipo. Kushuka ni rahisi, kupanda ndiko kunakotoa jasho. Maji lita moja na nusu kwa kila mmoja. Ukingoni mtoto wa miaka 9 ashikwe mkono muda wote, si kuambiwa tu "kuwa mwangalifu".

---

Njia_ya_Tunduma amejibu:

Hoja ya Udzungwa kuwa karibu ni ya kweli, nakubali. Basi Mkuu, kama Kalambo inabaki, Sanje na Matema zote mbili zitoke, na ratiba inakuwa hivi:

Siku ya kwanza Dar hadi Iringa, ondoka saa kumi na moja alfajiri. Ya pili Iringa mjini na Kalenga. Ya tatu Isimila asubuhi, kisha Mbeya. Ya nne Kimondo, kisha Sumbawanga. Ya tano Kalambo, rudi ulale Sumbawanga. Ya sita Sumbawanga hadi Tukuyu. Hiyo nayo ni siku ndefu, kilomita 400 hivi, na Tunduma katikati. Ya saba Ngozi. Ya nane Daraja la Mungu na Kijungu (shimo la mwamba kwenye mto Kiwira), jioni pumzika. Ya tisa Tukuyu hadi Iringa. Ya kumi Dar. Jumla ni kama kilomita 2,800.

Angalia mpangilio wa Iringa. Kalenga iko barabara ya kwenda hifadhi ya Ruaha, Isimila iko barabara ya Mbeya, kama kilomita 20 kutoka mjini. Ukiweka zote siku moja unarudi mjini bure. Isimila ifanye ukiwa umeshafunga mizigo, na uwahi, kwa sababu mle kwenye korongo la nguzo za udongo hakuna kivuli na saa sita jua linapiga wima. Zana za mawe utaziona zimelala pale pale zilipofukuliwa. Hakuna kuokota hata moja.

Kabla hujafika Iringa, ukitoka Dar, kuna Lugalo. Pale ndipo Wahehe walipokivunja kikosi cha Wajerumani tarehe 17 Agosti 1891 na kumuua kamanda wake, Zelewski. Mnara uliopo walijengewa Wajerumani waliokufa, jambo ambalo watoto watauliza, kwa hiyo uwe na jibu. Ukianza na Lugalo, Kalenga inaeleweka: ngome iliangushwa Oktoba 1894, Mtwa Mkwawa akajiua 1898 badala ya kukamatwa, na fuvu lake lililopelekwa Ujerumani likarudishwa 1954. Lipo pale kwenye makumbusho. Kaburi lenyewe liko Mlambalasi, mbele zaidi. Hilo ni nusu siku nyingine, liruke safari hii.

---

Fundi_Ipogolo amejibu:

Mimi naongelea gari tu.

Mlima Kitonga, kabla ya kufika Iringa, ndio mtihani wa IST yenye watu wanne na mizigo. Kupanda: zima AC kabla ya kuanza, weka gia ya 2, usimfukuzie lori kwa pua. Joto la injini likipanda, tafuta sehemu pana, simama, acha injini iungurume na feni izunguke. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto, maji yatakuruka usoni. Wanaochemsha pale karibu wote walitoka Dar na maji ya bomba kwenye rejeta badala ya kulanti, au feni haijawahi kukaguliwa.

Kurudi, kushuka, ndiko hatari zaidi. Mtu anaweka D halafu anakanyaga breki mwanzo hadi mwisho. Fluidi inachemka, pedo inazama. Weka 2, ikibidi L, na breki iguswe kwa vipindi. Kamwe usiweke N eti unaokoa mafuta. Na usipite lori kwenye kona hata dereva wake akikuwashia indiketa, hajui kinachokuja.

Kabla ya safari: pedi za mbele, fluidi ya breki, mkanda wa feni, tairi la akiba lenye upepo, jeki inayofanya kazi, spana ya magurudumu inayoingia kwenye nati zako. Hiyo ya mwisho wengi hawaijaribu mpaka siku ya pancha.

Ndani ya Mikumi barabara inakatiza hifadhi kama kilomita 50. Mchana 70, usiku 50. Faini za kugonga wanyama zimebandikwa kwenye ubao, na ni za dola. Pita mchana.

---

Mpangaji_wa_Saba ameandika:

Asanteni sana wakuu. Kilwa, Kitulo, Sanje na Matema nimezitoa, ingawa mama watoto amenuna kwa Kilwa. Bado mawili: malipo yanafanyikaje, taslimu au simu? Na Ngozi mtoto wa miaka 9 anaiweza?

---

Binti_Rungwe amejibu:

Kaka, malipo kwanza. Maeneo haya yako chini ya taasisi tofauti. Kimondo kiko chini ya Mamlaka ya Ngorongoro, usishangae ukikuta nembo yao Mbozi. Kalambo na msitu wa Ngozi ni TFS. Kijungu kiko ndani ya eneo la Chuo cha Magereza Kiwira, unajiandikisha getini na unauliza kabla ya kupiga picha. Kwenye ofisi za serikali unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo na unalipa kwa simu. Kinachokwamisha watu ni mtandao kuwa hafifu pale getini, kwa hiyo weka laini za mitandao miwili na salio kwenye zote. Taslimu ndogo ndogo ubaki nazo kwa waongozaji wa vijijini na maegesho. Beba vitambulisho vya NIDA na nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto, la sivyo mabishano ya nani ni raia yatakula asubuhi yenu.

Ngozi anaiweza, ila si mpaka majini. Unaingilia Isongole, barabara ya Mbeya kwenda Tukuyu, unachukua mwongozaji, gari unaliacha kijijini kama njia imelowa. Kutoka chini ya mlima ni saa moja hadi moja na nusu ndani ya msitu na mianzi, na sehemu ya mwisho ni mwinamo wa kushika mizizi kwa mikono. Mkifika ukingoni mwa kasoko, yaani shimo la volkano, mnaliona ziwa lote chini. Hapo ndipo mwishie. Njia ya kushukia majini ni ya kuteleza hata kiangazi. Anzeni kupanda saa moja na nusu asubuhi. Ukungu ukishatanda mtasimama ukingoni mkiangalia maziwa ya mgando. Julai Tukuyu ni baridi na manyunyu hayaishi: koti la mvua, viatu vyenye meno, soksi za kubadilisha. Ndala ziacheni gesti.

Daraja la Mungu ni fupi, nusu saa mmemaliza. Ni mwamba wa volkano uliobaki kama tao juu ya mto Kiwira. Usikubali watoto watembee juu yake kwa ajili ya picha, pembeni hakuna kizuizi.

Kimondo nacho nusu saa inatosha, lakini kiangalieni vizuri. Ni chuma, karibu asilimia 90, na nikeli kidogo. Kina urefu wa kama mita 3. Waambie watoto wakiguse. Mkitoka hapo piteni Tunduma bila kusimama, mchana unavyozidi ndivyo foleni ya malori inavyorefuka.

---

Nahodha_Masoko amejibu:

Nimeona Kilwa imetolewa, sawa, ila kwa ajili ya huyo shemeji aliyenuna: mtakapoipanga, msianze na tarehe za likizo, anzeni na mwezi wa angani. Kilwa Kisiwani mnavuka wakati wowote, kibali mnachukua ofisini Kilwa Masoko kabla ya kwenda bandarini. Songo Mnara ndiyo inayodai maji. Mkifika maji yamekupwa, mashua inaishia mbali na mnatembea kwenye tope la mikoko hadi magotini. Siku za bamvua, mwezi mchanga au mpevu, maji yanajaa sana na kupwa sana, kwa hiyo nahodha lazima awapeleke na kujaa na kuwatoa kabla hayajakauka. Mwulizeni saa ya kujaa jana yake jioni. Asiyeweza kuwajibu hapo hapo, tafuteni mwingine. Na masika msije kwa barabara; mwaka 2024 maji yalikata njia pale Somanga, Lindi na Dar zikatengana.