Bosi akichungulia kwa marubani mnafanyaje?

Wakuu, mimi rubani msaidizi, ndege ndogo ya kampuni. Juzi tumetoka Tabora kwenda Kigoma, bosi akaja kutuonyesha picha za samaki, migebuka, kwenye simu. Nahodha anacheka, mimi nikaweka mwelekeo wa nyuzi 240 badala ya 270, yaani magharibi. Nilishtuka reli ya Urambo haipo chini yetu!

— Marekani tangu 1981, chini ya futi 10,000 marubani soga marufuku. Ila mwaka 2009 ndege ya Northwest ilipitiliza Minneapolis ilikotakiwa kutua, ikiwa juu zaidi ya hapo, marubani wako kwenye laptop. Mmoja aweke namba ya mwelekeo, mwenzake aisome kwa sauti.

— Kwetu mlango wenyewe pazia. Mwambieni kabla hamjapaa, akinuna anunie chini.

— Migebuka ya wapi lakini, mwalo wa Kibirizi pale Kigoma?