Kwa nini mnawashusha watu mtoni Sipi saa tisa alasiri?

Wadau, uzi huu ni wa wanaopanga safari za wikendi kwenda Sipi na mito mingine ya Mlima Elgon, mashariki mwa Uganda, na wa wanaozilipia. Imetosha.

Ratiba zenu zinafanana zote. Kuondoka Kampala saa kumi na mbili asubuhi, foleni ya Mukono na Lugazi, chai Jinja, Iganga, Tirinyi, Mbale, kisha kupanda Kapchorwa. Ni kilomita 270 na ushee, kwa hiyo teksi ikifika Sipi saa saba mchana imewahi. Watu wanakula, wanapiga picha, na saa tisa alasiri mnawateremsha hadi chini ya maporomoko makubwa, yale ya karibu mita 100, mnawaambia waingie majini. Saa tisa ndiyo saa ya mlima kunyesha!

Kila anayeishi Kapchorwa, Bulambuli au Bududa anaijua siku ya Elgon. Asubuhi mlima uko wazi. Jua likishika kasi, hewa yenye unyevu hupanda mteremko, hupoa, hugeuka wingu, na mchana Wagagai, kilele cha mita 4,321, hakionekani tena. Mvua inapigia juu, msituni na kwenye mashamba ya miinuko. Huku chini jua linawaka na mtoto wa mtu yuko majini hadi kiunoni. Maji ya ile mvua yanakuja kwa mteremko mkali, juu ya ardhi iliyolimwa ambayo hainywi maji kama msitu ulivyokuwa unayanywa. Yakifika, hayapandi polepole kama ya ziwa. Yanafika kwa mkupuo.

Wala msiseme hamjui. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ilivunja kingo zake Mbale na watu zaidi ya 20 wakafa. Huko Kasese, kwenye milima ya Rwenzori magharibi mwa nchi, mto Nyamwamba uliporomosha majabali hadi Kilembe tarehe 1 Mei 2013, na ukarudia Mei 2020. Mito hiyo yote ni ya mlimani.

Dalili zipo, na mtu yeyote mnayemwita kiongozi wa msafara alipaswa kuzijua kabla hajapokea hela ya mtu. Maji yaliyokuwa maangavu yanaanza kuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kwanza ni uzi mwembamba tu wa wekundu kando ya jabali, ukifuatwa na majani ya miti ya kahawa, vijiti na vipande vya mgomba. Mlio unabadilika pia: chini ya kishindo cha kawaida unasikia mawe yakigongana kwenye sakafu ya mto. Ukiona moja tu kati ya hayo, kila mtu atoke, apande juu ya ukingo, na viatu viachwe kama viko mbali. Msingoje kuhakikisha.

Na kuna kipimo kisichogharimu hata shilingi. Mkifika tu, chagueni jiwe lililo ukingoni, liwekeeni alama pale maji yanapoishia, mtu mmoja alitazame kila baada ya dakika kumi. Maji yakipanda vidole viwili, kuoga kumekwisha kwa siku hiyo. Mpeni pia mtu wa kijiji cha juu hela ya muda wa maongezi apige simu mvua ikianza kwake. Ni hela ndogo kuliko ya soda za msafara mzima, lakini hakuna anayeiweka kwenye bajeti.

Sasa kamba. Kamba mnazobeba, kwa wale wachache wanaobeba, ni za katani au nailoni. Hizo zinazama. Inayotakiwa ni ile ya plastiki inayoelea, unene wa milimita 10 hivi, urefu wa mita 20, na inapatikana kwenye maduka ya vifaa vya uvuvi. Mwisho wake mfungie jerikeni tupu la lita 20, kifuniko kikiwa kimekazwa, maana jerikeni hilo linaweza kumwelesha mtu mzima. Mrushaji asimame upande wa chini ya waogeleaji, wanakoelekea maji, awe tayari kabla mtu wa kwanza hajaingia. Akikaa juu yao, aliyechukuliwa na mkondo atakuwa anamkimbia. Halafu acheni kabisa ile tabia ya kumfunga mtoto kamba kiunoni eti asipotee. Mkondo ukimvuta huku kamba imemshika, maji yanamlalia na kumkandamiza chini.

Pale maji yanapoangukia ndipo kila mtu anataka picha, na ndipo pabaya kuliko pote. Maji yaliyojaa povu yana hewa nyingi ndani yake, hayambebi mtu kama maji tulivu, na hata anayejua kuogelea anajikuta anazama. Kutoka juu, mkondo unaweza kusukuma jiwe wakati wowote. Mtazame kutoka mbali, muoge kwenye vidimbwi vya chini vyenye maji tulivu, vilivyopimwa kina kwa fimbo kwanza. Kupiga mbizi kichwa mbele kwenye mto wenye mawe, hapana.

Kuvuka nako mnakufanya ovyo. Maji ya kasi yakifika juu ya goti, msivuke. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kusukuma inaongezeka mara nne, ndiyo maana mto wa jana si kipimo cha mto wa leo. Anayevuka avae viatu vyenye mikanda (ndara zinachomoka na mawe yana utelezi), afungue mikanda ya begi, ashike fimbo, aelekeze uso kule maji yanakotoka, aende kwa ubavu hatua moja moja. Akiangushwa, alale chali, miguu mbele na juujuu, aelee hadi apate maji tulivu. Asijaribu kusimama penye kasi. Mguu ukinaswa kati ya mawe mawili, mkondo unamlaza kifudifudi, na kina cha mita moja kinatosha kumuua.

Waragi, ile pombe kali, na mto wa baridi ni mambo mawili yasiyokaa pamoja. Maji hayo yanamkata mtu pumzi dakika ya kwanza, misuli inakaza, na aliyelewa hata haoni kwamba anazidi kwenda na maji. Sabuni, shampuu na kavera (mifuko ya plastiki) mnazoacha pale zinashuka hadi kwa watu wanaochota maji ya kunywa chini yenu, hilo nalo ni aibu.

Ada za kuingia tunalipa, mara nyingi kwa kila poromoko, na kwa kila mwenye njia. Sawa, walipwe. Ila mteja anayelipa mara tatu ana haki ya kuikuta kamba moja ya mita 20 pale chini.

Marekebisho ninayoyadai ni mepesi: geuzeni ratiba. Siku ya kwanza ni ya safari, chakula, kutembelea mashamba ya kahawa na kulala Sipi. Mtoni mwende kesho yake saa mbili asubuhi, na kufikia saa tano mtu wa mwisho awe ametoka. Desemba hadi Februari ndiyo miezi mikavu zaidi huko. Kati ya Aprili na Oktoba, hata hiyo asubuhi mwulize kwanza kama usiku kulinyesha juu.

Mtajibu kwamba kulala kunaongeza gharama na wateja wanataka kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Basi wauzieni safari ya kutazama maporomoko kutoka juu, muandike wazi kwamba hakuna kuingia majini. Na wewe unayelipia, kabla hujatuma hela kwa simu, uliza: tunaingia mtoni saa ngapi, kamba ina urefu gani, na nani anatazama maji ya juu? Wakikujibu "tutaona tukifika", usitume.