Eti ninalipwa kwa idadi ya mistari?

Ndugu zangu, yule bwana mnamjua, kwa hiyo sitamtaja. Leo asubuhi, katika ofisi yetu ya Westlands, aliiangaza klasi yangu ya Mteja, yaani kipande cha programu kinachoeleza mteja ana taarifa gani, ukutani kwa projekta, akaipitia polepole kutoka juu hadi chini kama anayesoma wosia, kisha akaniuliza mbele ya kila mtu kama ninalipwa kwa idadi ya mistari. Kwa idadi ya mistari! Mama wa chai alisimama na birika mkononi, na nina hakika mandazi nayo yalicheka.

Ninakiri kwamba nimekaa na lugha ya programu ya Java miaka 8 na ile ya Scala wiki 3 tu. Klasi ilikuwa na sehemu tatu, yaani jina, simu na salio, na kila moja niliipa mbinu ya kuisoma na mbinu ya kuibadilisha, pamoja na equals (ya kulinganisha wateja), hashCode (namba ya kumtafutia mteja) na toString (ya kumchapisha) nilizoziandika kwa mkono, kama nilivyolelewa. Yeye akafuta mistari 94, akaandika mmoja:

case class Mteja(jina: String, simu: String, salio: BigDecimal)

Kisha akaketi. Hakueleza lolote. Aliuliza tu kama ninalipwa kwa idadi ya mistari, na swali hilo limenifuata ndani ya matatu hadi Rongai.

Mdau wa Ngara: Pole, lakini hata mimi ningeuliza. Mstari huo unakupa equals, hashCode na toString bure, na sehemu zake ni val, yaani hazibadiliki, hata usipoandika val. Ukitaka salio jipya, unaita copy na kupata mteja mwingine, yule wa kwanza akibaki alivyo. Kama kweli mnalipwa kwa mistari, tunaomba nafasi.

Fundi wa Kayole: Msimcheke. Mimi nilitia var, yaani sehemu inayobadilika, ndani ya case class, nikamweka mteja kwenye HashSet, seti inayomtafuta kila mmoja kwa hashCode yake, kisha nikabadilisha salio lake. hashCode ikabadilika nalo, na seti ikaapa kwamba haimjui, ilhali nikiichapisha yumo, ametulia. Nilishinda nikimtafuta kama mtoto aliyepotea Gikomba.

Bibi Kompaila: Afadhali yako. Kwetu kuna mmoja, naye mnamjua, ambaye mbinu zake zinaahidi Option, yaani thamani inayoweza kuwepo au kutokuwepo, halafu zinarudisha null, ile alama ya "hakuna kitu" inayoangusha programu ukiigusa. Pale pasipo na kitu huandikwa None. Mwanasayansi wa kompyuta Tony Hoare aliibuni null mwaka 1965 na baadaye akaijutia hadharani, lakini huyu wetu hana habari ya kujuta.

Mwanzilishi wa uzi: Jamani, uzi huu unahusu nilivyoulizwa kama ninalipwa kwa idadi ya mistari.

Mdau wa Ngara: Tumesikia. Bibi Kompaila, huyo wako huandika sealed, ile ya kufunga orodha ya aina ili kompaila, kitafsiri cha msimbo, izijue zote?

Bibi Kompaila: Thubutu! Trait ya Malipo, yaani aina mama ya malipo yote, aliiacha wazi, mtu akaongeza aina mpya ya malipo, kompaila haikutoa onyo lolote, na MatchError, kosa la kukutana na aina isiyoshughulikiwa, ikatuamsha saa nane usiku.

Fundi wa Kayole: Nikiandika sealed, ni lazima aina zote zikae kwenye faili moja? Zetu zimetapakaa katika faili 11.

Mdau wa Ngara: Zile zinazorithi moja kwa moja, ndiyo. Zihamishe leo, kabla ya saa nane usiku.